Gari la Marehemu: Liuzwe kwa Ukweli, Ligawanywe kwa Haki



Ndugu wasomaji, safu yetu ya wiki hii imeelekea Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za mkoa wa Kagera ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Msimu wa kahawa unapofika huko, fedha huingia majumbani kwa wingi na kwa muda mfupi, na biashara ya vyombo vya usafiri huchangamka kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda, Kaisho na Murongo mpakani. Sehemu kubwa ya biashara hiyo ni ya pikipiki na magari ya Kijapani, nayo kila mtu anaifahamu. Leo tunataka kuzungumzia biashara isiyofahamika sana, ambayo kwa sababu hiyo hiyo ina mitego mingi: kuuza na kununua magari ya kale yaliyotunzwa vizuri, na hasa yale yenye jina la Kimarekani.

Mwenye gari la namna hiyo kwa kawaida si mfanyabiashara. Ni mjane, au ni ndugu kadhaa waliorithi gari la baba yao lililofunikwa turubai kando ya migomba kwa miaka mingi. Mnunuzi naye mara nyingi hutoka mbali. Anazijua bei za mjini, na simu yake imejaa picha za magari kama hilo. Akifika, hulizunguka gari mara mbili, akatikisa kichwa, kisha akasema, "Mama, hiki ni chuma chakavu tu, lakini nitakusaidia." Katika sentensi hiyo moja dini ya mtu hupimwa. Na mnunuzi akishaondoka, mtihani wa pili huanza, nao ni wa ndugu kugawana fedha.

Neno letu ni moja: thamani ya gari la kale imo katika ukweli wake. Ukweli huo ukifichwa na muuzaji, mnunuzi hudhulumiwa. Ukifichwa na mnunuzi, mjane hudhulumiwa. Na ukifichwa kati ya ndugu na ndugu, ukoo mzima hudhulumiwa.

Gari kuukuu na gari lililotunzwa

Gari huanza kupoteza thamani tangu siku linapotoka dukani, na mengi huishia kuuzwa kwa kilo. Machache, baada ya miaka thelathini au arobaini, hugeuka na kuanza kupanda bei. Huko Marekani, Ford Mustang zilizoanza kuuzwa Aprili 1964, na Chevrolet za mwaka 1955 hadi 1957, zimekuwa mali ambazo watu huziweka kama wengine wawekavyo dhahabu.

Watu hao hulipia nini? Hulipia uasili. Hutazama kama injini ni ile ile iliyotoka na gari kiwandani, kama rangi ni ya awali, kama viti, vioo na taa havijabadilishwa, na kama zipo karatasi zinazoeleza gari limepita mikononi mwa nani. Hapa hapa Afrika Mashariki, jijini Nairobi, kumekuwapo tangu mwaka 1970 mashindano ya magari yaliyotunzwa yaitwayo Concours d'Elegance, na majaji wake hawatosheki na mng'aro wa nje. Hukagua injini, hukagua ndani, na huinama kutazama uvunguni.

Upo pia utunzaji wa namna nyingine. Nchini Kuba, baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vya biashara vilivyofuata, magari mapya ya Kimarekani hayakuingia tena. Wenyeji wakaendelea kuyatumia yale ya miaka ya 1940 na 1950 hadi leo, wakibeba abiria, na mengi wameyawekea injini za dizeli za kampuni nyingine. Ni kazi ya mafundi hodari. Hata hivyo gari lenye injini ya kigeni na gari lenye injini yake ya asili ni bidhaa mbili tofauti, na kila moja ina bei yake.

Jambo hilo lipo na kwetu. Fundi aliyeweka injini ya Toyota ndani ya Land Rover ya zamani ili ipande milima ya Karagwe ikiwa na mikungu ya ndizi hakufanya kosa lolote. Kosa hutokea siku gari hilo linapouzwa kwa jina la gari la asili.

"Mmarekani" wa Afrika Mashariki

Kabla ya kutaja bei, jina la gari lenyewe linahitaji kuchunguzwa. Mtu akisema kwamba babu yake alikuwa na Ford, wengi hudhani lilitoka Marekani. Lakini Anglia, Consul, Zephyr na Cortina, ambazo wazee wetu walizifahamu, ni Ford za Uingereza. Kiwanda cha Ford cha Dagenham kilianza kazi mwaka 1931. Vivyo hivyo malori ya Bedford yalikuwa ya Kiingereza kwa kuundwa na ya Kimarekani kwa umiliki, kwa sababu kampuni ya Vauxhall iliyoyaunda ilinunuliwa na General Motors mwaka 1925. Hata Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, ina damu ya Kimarekani: gari lake la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya fremu ya Jeep ya vita.

Dalali anayesema "Mmarekani huyu" ili kupandisha bei ya gari lililoundwa Uingereza amesema uongo, hata kama hakujua. Asiyejua na aseme kwamba hajui.

Alama ya haraka ni usukani. Gari lililoundwa kwa ajili ya barabara za Marekani lina usukani kushoto, nasi Tanzania twaendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani wetu uko kulia. Mkazi wa Kyerwa anaelewa tofauti hiyo kuliko watu wengi. Akivuka Murongo kuingia Uganda, mambo hubaki kama ya kwetu. Akitazama ng'ambo ya Mto Kagera upande wa magharibi, anaiona Rwanda, ambako watu huendesha upande wa kulia. Gari la Kimarekani lenye usukani wake wa asili lina thamani kwa mkusanyaji, ila ni mzigo kwa dereva wa kila siku anayetaka kulipita lori kwenye kona ya mlima. Na kama usukani umehamishwa, muuzaji aseme ulihamishwa wapi na nani, kwa maana kazi hiyo ikifanywa vibaya huua watu.

Ukweli uko uvunguni

Mvua za Kagera hazina huruma kwa chuma. Gari lililosimama miaka kumi kwenye udongo wenye unyevu, hata likiwa chini ya turubai, huliwa kuanzia chini. Land Rover ya zamani ina hila yake ya pekee. Bodi yake ni ya aloi ya alumini, kwa kuwa baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, na alumini haili kutu kama chuma. Chesisi yake lakini ni ya chuma. Kwa hiyo gari laweza kung'aa juu na kuoza chini. Anayenunua na alale chini, agonge chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, na asikilize.

Magari ya Kimarekani ya zamani karibu yote bodi zake ni za chuma, na hapo sumaku ndogo husaidia. Palipojazwa puti na kupakwa rangi, sumaku haishiki. Juu ya Land Rover sumaku haitakuambia lolote.

Yako mambo mengine ambayo fundi wa magari ya Kijapani anaweza asiyafikirie. Nati za gari la Kimarekani la zamani hufunguliwa kwa spana za inchi. Zile za milimita huzila nati na kuziharibu. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950 hutumia umeme wa volti 6, na anayefunga betri ya volti 12 huunguza taa na geji. Injini nyingi za zamani zilitegemea petroli yenye risasi kulinda siti za valvu, na petroli hiyo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Kwa hiyo ni vema kuuliza kama siti hizo zimebadilishwa. Ama namba ya chesisi, utaratibu wa tarakimu na herufi 17 ulianza kwa magari ya Marekani mwaka 1981. Gari la kabla ya hapo likiwa na namba fupi, hiyo si dalili ya wizi, kwani kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake.

Kwa familia inayotaka kuuza, tunatoa nasaha mbili. Ya kwanza, msiliwashe gari lililolala miaka mingi kwa pupa ya kumwonyesha mnunuzi kwamba bado lipo hai. Petroli ya zamani huwa gundi, panya hula nyaya, na breki huganda. Mwiteni fundi amwage mafuta ya zamani, aizungushe injini kwa mkono, na akague nyaya kwanza. Ya pili, msilipake rangi mpya. Rangi ya awali, hata ikiwa imefifia, ni ushahidi. Rangi mpya hufuta ushahidi, humtia mnunuzi shaka, na hupunguza bei mliyodhani mnaipandisha.

Ila ya bidhaa haifichwi

Hapa tunaingia katika hukumu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake, na vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Mwenye rundo akajitetea kuwa mvua ndiyo iliyolowesha. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu, watu wakaiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Muuzaji yule hakuumba mvua. Dhambi yake ilikuwa mahali alipoiweka nafaka iliyolowa.

Kadhalika Mtume (S.A.W.) alikataza kumfunga mnyama asikamuliwe siku kadhaa kabla ya kuuzwa, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Watu wa Karagwe ni wafugaji, wanalijua jambo hilo kwa macho. Puti iliyofunika kutu ni kiwele kilichofungwa. Oili nzito iliyotiwa ili injini iliyochoka isitoe moshi siku ya majaribio ni kiwele kilichofungwa.

Mnunuzi akigundua ila iliyokuwapo kabla ya mauzo, ambayo hakuonyeshwa na ambayo hupunguza thamani, ana khiyari ya kulirudisha gari na kurudishiwa fedha zake, mradi asichelewe bila udhuru. Wengi hudhani hukwepa hukumu hii kwa kusema, "Nauza kama lilivyo, mimi simo." Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kauli yenye nguvu haimwachii muuzaji njia hiyo. Sharti la kujivua ila hufaa kwa mnyama tu, tena kwa ila ya ndani ambayo mwenyewe hakuijua. Gari si mnyama.

Vilevile, katika madhehebu hayo hayo, kauli yenye nguvu ni kwamba kitu mahususi ambacho hakijaonwa hakiuzwi. Kijana aliyeko Mwanza au Muscat anayetuma fedha zote kwa picha tatu za simu ajue anaingia katika shaka kubwa. Amtume wakili wake, mtu mwaminifu anayejua magari, aone kwa niaba yake.

Wakulima wa Kagera hawahitaji mfano wa mbali ili kuelewa ubaya wa kuuza kisichojulikana. Wanaijua butura, ile biashara ya kuuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine maua tu, kwa bei ya shida ya leo. Serikali imeikataza, na fiqhi ilikataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kukomaa kwake karne nyingi kabla ya hapo. Sababu ni moja: mmoja hajui anachotoa, au mwingine hajui anachopata.

Mjane asipunjwe

Tumezoea kumwonya muuzaji, na mnunuzi hupita bila kuguswa. Lakini katika magari ya kale, mara nyingi mnunuzi ndiye mwenye elimu.

Mtume (S.A.W.) aliwakataza wafanyabiashara kwenda kuwapokea njiani wenye bidhaa kutoka mashambani kabla hawajafika sokoni na kujua bei, na akampa mwenye bidhaa khiyari atakapofika sokoni. Makatazo hayo yanamhusu moja kwa moja mtu anayepanda gari kutoka mjini, akapita Kyaka, akafika Kihanga au Nkwenda kumnunulia mjane kitu ambacho mjane hajui bei yake, huku akikiita chuma chakavu. Kutafuta faida ni halali. Kusema uongo juu ya bidhaa ya mwenzio ili uipate kwa bei ya kutupa ni dhuluma, na dhuluma kwa mjane na mayatima ina uzito wake mbele ya Mwenyezi Mungu.

Kwa hiyo familia isiuze kwa mtu wa kwanza wala siku ya kwanza. Ipate kauli za watu watatu wasiojuana. Dalali akubaliane ujira wake mapema, kwa kiasi kinachojulikana, wala asile pande mbili kwa siri. Na yule anayepanga rafiki yake ajifanye mnunuzi na kutaja bei ya juu, hali hana nia ya kununua, ajue kwamba hiyo ni najshi, nayo imekatazwa.

Historia ya Karagwe yenyewe inatukumbusha. Katika karne ya kumi na tisa, enzi za Mukama Rumanyika, wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, mwendo wa miezi kutoka baharini. Mahakama ya kukimbilia haikuwa karibu, na mali ilisafiri mbali mikononi mwa watu wengine. Biashara ya umbali huo haisimami bila ahadi za watu kuaminika.

Gari la marehemu ni mirathi

Tumefika kwenye kiini cha maneno yetu, kwa kuwa ugomvi mwingi huanzia hapa.

Mtu anapofariki, gari lake huacha kuwa la "kijana mkubwa" au la "yule anayejua kuliendesha". Linaingia katika tirka pamoja na shamba, ng'ombe na fedha. Kwanza hutolewa gharama za mazishi na hulipwa madeni. Kisha hutekelezwa wasia usiozidi theluthi. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa warithi wote.

Tuchukue mfano. Mzee amefariki, wazazi wake walitangulia, na ameacha mke mmoja, wavulana wawili na wasichana wawili. Hakuna deni wala wasia. Gari lake limeuzwa kwa shilingi 12,000,000. Mjane, kwa kuwa marehemu ana watoto, hupata thumni, yaani moja ya nane: shilingi 1,500,000. Zinabaki 10,500,000, ambazo hugawanywa mafungu sita. Kila mvulana hupata mafungu mawili, yaani 3,500,000, na kila msichana fungu moja, yaani 1,750,000. Hesabu imekamilika, na hakuna aliyepewa kwa hisani.

Katika nyumba nyingi hesabu hiyo haifanywi. Gari huhesabiwa kuwa kitu cha wanaume. Wavulana huliuza, hununua pikipiki mbili, na mama huletewa kitenge na sukari. Dada aliyeolewa Kaisho haambiwi kabisa, au huambiwa baada ya fedha kwisha. Ndugu zetu, kitenge hakilipi thumni ya mama, na kuolewa hakumwondolei binti haki yake katika mali ya baba. Aliyekula fungu la mwenzie amekula haramu, hata kama waliokula ni watatu na wote ni mtu na ndugu yake.

Yako maswali mawili yanayorudi mara kwa mara. La kwanza ni la kijana anayesema, "Baba aliniambia hili gari ni langu." Kauli peke yake haikamilishi hiba. Kwa Shafi'i hiba hutimia kwa kukabidhi, na kama baba aliendelea kulitumia na kulimiliki hadi kufa kwake bila kulikabidhi, gari hilo ni la warithi wote. La pili ni la yule anayelipenda gari na hataki liende kwa mgeni. Huyo ana njia nyoofu: gari lithaminiwe na watu wawili waadilifu, alichukue kwa thamani hiyo, na zidi ya fungu lake awalipe wenzake. Gari litabaki nyumbani, na undugu utabaki pia.

Wakiwamo watoto wadogo, fungu lao halisamehewi na mtu, kwa sababu wao wenyewe hawawezi kusamehe. Litunzwe kwa jina lao.

Maandishi

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Surat al-Baqarah, inahusu kuandika deni na kushuhudisha. Familia inayouza gari kwa malipo ya awamu mbili na kushikana mikono tu imeiacha aya hiyo nje ya mlango.

Kwa mujibu wa sheria za nchi, gari la marehemu haliwezi kuhamishwa kihalali bila msimamizi wa mirathi. Ndugu wakutane, wamteue mtu, waende Mahakama ya Mwanzo wathibitishe uteuzi huo, na ndipo umiliki uhamishwe kupitia Mamlaka ya Mapato. Mkataba utaje namba ya chesisi na ya injini kama zilivyo kwenye kadi na kwenye chuma chenyewe, utaje kila ila inayojulikana, na utaje bei yote na tarehe za malipo. Anayenunua kwa mtu asiye msimamizi amenunua kesi.

Wanaoishi karibu na mpaka wawe waangalifu zaidi. Kenya hairuhusu kuingizwa gari la kawaida lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliweka mpaka wa miaka 15. Kwa hiyo mtu asimnunulie mjane gari kwa matumaini ya kulivusha Murongo kabla hajauliza forodhani. Na gari lililoingia nchini bila kulipiwa ushuru lina ila kubwa kuliko kutu, na ila hiyo pia ni lazima itajwe.

Tumalizie kwa wale wanaoifanya kazi hii kuwa biashara yao. Gari la matumizi ya nyumbani halina zaka, hata likiwa la thamani. Lakini anayenunua magari ya kale kwa nia ya kuyauza amebeba bidhaa, na mali yake ikifikia nisabu na kuzungukiwa na mwaka, huyathamini kwa bei ya soko ya siku hiyo na kutoa asilimia mbili na nusu. Asiseme gari bado halijauzwa.

Mwenye swali mahususi la mirathi au la khiyari na amwendee sheikh wa mtaa wake pamoja na karatasi zake, kwani kila familia ina hesabu yake. Na kama liko gari chini ya turubai nyumbani kwenu, wiki hii kabla ya kumwita dalali, waiteni kwanza mama na dada zenu, mlifunue wote kwa pamoja, na kila mmoja ajue kilichopo.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.